Matone ya Maua na Moyo wa Farasi

Katika nchi ya Uingereza iko chupa ndogo ya kioo cha rangi ya kahawia ambayo huonekana katika mabanda mengi ya farasi. Hukaa rafuni pamoja na brashi, sabuni ya ngozi na chuma cha kuchokolea kwato. Na mara nyingine hukaa katika mfuko wa koti la mwenye farasi, karibu na moyo wake. Ndani yake mna maji, mna brandi, na mna kile kiitwacho asili ya maua. Farasi akiogopa kupanda gari la kumsafirishia, mwenyewe hutwaa kipande cha tofaa, akakidondoshea matone machache, akamlisha. Farasi akihamishwa kutoka zizi alilolizoea, akitenganishwa na mwenzake, akiuma, akirusha mateke, akikataa kutandikwa, ama akisimama pembeni ameinamisha kichwa kama mtu aliyefiwa, huwa liko tone la kumfaa. Hofu ina ua lake, husuda ina ua lake, upweke una ua lake, na haraka ina ua lake.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hizi, darasa liligawanyika pande mbili. Wa upande mmoja walicheka hata machozi yakawatoka. Walisema, farasi ana moyo gani wa kuhuzunika? Mnyama akishiba ameshiba, akichoka amechoka, basi. Wa upande wa pili hawakucheka. Msichana mmoja mwenye akili pevu alisimama akasema, "Mwalimu, na tuseme matone hayo hayafai kitu. Lakini hayaui, hayaumizi, na yatolewa kwa mapenzi. Ubaya wake ni nini?"

Kicheko cha wale wa kwanza hakikunipendeza. Swali la huyu wa pili lilininyima usingizi, kwa sababu ndilo swali la watu wema, na makosa ya watu wema ni magumu kuyapinga kuliko makosa ya waovu. Naandika haya kumjibu yeye. Nasema kwamba matone hayo yana ubaya, na ubaya wake hauko ndani ya chupa. Uko katika sikio la mwenye farasi.

Yamkini msomaji atauliza, farasi wa Uingereza watuhusu nini sisi, ambao farasi twawaona kwa nadra, labda katika mbio za Ngong au katika picha? Haidhuru. Punda, nduguye farasi, twamjua sana, na nitamrudia kabla sijaweka kalamu chini. Tena namna ya kufikiri haina pasipoti. Yaweza kuingia katika zizi lolote.

Sharti nianze kwa kumtendea haki mwanzilishi wa dawa hizi, maana hakuwa laghai. Edward Bach alizaliwa mwaka 1886 Moseley, karibu na mji wa Birmingham. Alisomea udaktari akafanya kazi London, akachunguza vijidudu vya maradhi, na tangu mwaka 1919 alikuwa katika hospitali ya wafuasi wa tiba ya homiopathi mjini humo. Mwaka 1930 aliuacha mji na kazi yake, akaenda kutembea mashambani na pembeni mwa mito akitafuta mimea. Mwaka 1934 alihamia katika nyumba ndogo iitwayo Mount Vernon, kijiji cha Brightwell-cum-Sotwell, na alifariki mwaka 1936 akiwa na umri wa miaka 50. Aliacha dawa 38, akazitangaza namna zake za kutengenezwa ili kila mtu aweze kuzifanya nyumbani. Mtu aliyetafuta mali tu hafanyi hivyo. Alikuwa mpole, na aliamini kwa dhati kwamba maradhi ya mwili huanza katika moyo usio na amani.

Lakini upole si ushahidi. Namna alivyozipata dawa zake ni jambo la kustaajabisha. Hakuwagawa wagonjwa mafungu mawili akalinganisha. Wafuasi wake wenyewe husimulia kwamba nyingi katika dawa zake za mwisho alizipata kwa kushikwa yeye mwenyewe na huzuni au hofu kali, kisha akatoka kwenda kutafuta mti au ua la kumtuliza. Mgonjwa, tabibu na hakimu walikuwa mtu mmoja. Kisha yale yaliyompata mtu huyo mmoja katika bustani za kusini mwa Uingereza yakafanywa kanuni ya wanadamu wote. Na baada ya wanadamu, mbwa, paka na farasi.

Maua huelezwa hivi. Huchumwa wakati wa jua kali, yakaelezwa juu ya maji safi ya chemchemi katika bakuli, yakaachwa juani saa tatu hivi. Mimea mingine huchemshwa nusu saa. Kisha maua hutupwa, na maji yale hutiwa brandi ya kiasi sawa nayo. Huo ndio mchanganyiko wa mama. Matone mawili ya mama hutiwa katika mililita 30 za brandi, na hiyo ndiyo chupa iuzwayo dukani. Nasema maua, lakini mojawapo ya dawa zile 38 halina ua hata moja: ni maji matupu ya chemchemi ya mwambani yaliyowekwa juani. Msomaji asinichukulie kuwa nafanya mzaha. Ndivyo ilivyo.

Sasa chukua kalamu, tufanye hesabu pamoja kama tufanyavyo darasani. Tone moja ni kama sehemu ya 20 ya mililita. Matone mawili katika mililita 30 ni sehemu moja katika 300. Kwa farasi hushauriwa mara nyingi matone 10 katika ndoo ya maji. Matone 10 ni nusu mililita. Ndoo ikiwa ya lita 10, hiyo ni sehemu moja katika 20,000. Zidisha 300 kwa 20,000, unapata 6,000,000. Zidisha tena kwa mbili, maana nusu ya mama ilikuwa brandi, unapata 12,000,000. Basi farasi mwenye uzito wa kilo 500 anywa ndoo ambayo ndani yake, katika kila sehemu milioni 12, sehemu moja ni maji ambayo zamani maua yaliyaelea kwa saa tatu. Mchuuzi wa maziwa akifanya hivyo sokoni, tungemwita jina gani?

Waumini hawashtushwi na hesabu hii. Husema kwamba kinachotibu si ua wala maji bali ni nguvu isiyoonekana iliyohamia majini. Vema. Upepo nao hauonekani, lakini twaona matawi yakitikisika. Ikiwa nguvu ile ipo, matokeo yake na yaonekane pale ambapo wagonjwa wamegawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa matone ya kweli na nusu wakapewa matone ya bandia, wala hapana ajuaye ni nani aliyepewa nini. Majaribio ya namna hiyo yamefanywa kwa wanadamu. Mwaka 2010 Edzard Ernst, profesa wa Chuo Kikuu cha Exeter, aliyakusanya akayachambua. Katika yale yaliyolinganisha matone ya kweli na ya bandia, hapana hata moja lililoonyesha kwamba matone ya kweli yalishinda. Waliopewa maua walitulia kiasi kile kile walichotulia waliopewa maji.

Hapo ndipo mwenye farasi hutoa hoja yake kuu, na ni hoja nzuri, isiyofaa kuruka. Husema: "Mwanadamu aweza kujidanganya, kwa kuwa ajua amepewa dawa. Farasi hajui. Hasomi maandishi ya chupa, hana imani wala shaka. Nami kwa macho yangu nimemwona akitulia. Ametulizwa na nini, ikiwa si dawa?"

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alitusimulia kisa ambacho nadhani hakuna mwalimu apaswaye kukikosa. Mjini Berlin, mwanzoni mwa karne ya ishirini, alikuwako mwalimu mstaafu wa hesabu jina lake Wilhelm von Osten. Alikuwa na farasi aitwaye Hans, naye alimfundisha hesabu kwa miaka kama afundishwavyo mtoto. Watu walikuja makundi kwa makundi. Hans aliulizwa, tatu na nne ni ngapi? Akapiga chini kwa ukwato mara saba, akaacha. Mwaka 1904 iliundwa kamati ya wataalamu kumchunguza, nayo haikuona hila yoyote. Kisha kijana mmoja, Oskar Pfungst, akaja na subira zaidi. Aliona kwamba muulizaji asipojua jibu, Hans naye hajui. Farasi akizibwa jicho asimwone muulizaji, hesabu yote humpotea. Mwaka 1907 Pfungst alieleza siri: kila muulizaji, bila kukusudia, aliinama kidogo sana akingojea hesabu ianze, na ukwato ulipofikia idadi iliyo sawa, kichwa chake kiliinuka kidogo mno kwa faraja. Hans hakusoma namba. Alisoma watu.

Mkufunzi wetu alikitumia kisa hicho kutuonya tusiwape wanafunzi majibu kwa nyuso zetu. Mimi nakitumia kwa farasi mwenyewe. Kiumbe anayeweza kuona kuinuka kwa kichwa cha profesa, ambako profesa mwenyewe hakukuona, je, hataona mikono ya bwana wake ikilegea? Mwaka 2009 Linda Keeling na wenzake huko Sweden walichapisha jaribio ambalo kila mpanda farasi angelijua. Watu walipanda farasi au waliwaongoza kwa kamba kutoka hapa hadi pale, mara nne. Kabla ya mara ya nne waliambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mioyo ya watu ilianza kupiga mbio kwa kuungojea, na mioyo ya farasi ikapiga mbio pamoja nayo. Farasi hawakuwa na habari ya mwavuli. Waliogopa hofu ya watu.

Basi jibu la hoja ile ni hili. Farasi hahitaji kuamini. Aaminiye ni mwenyewe. Mwanamke amsimamisha farasi wake mbele ya gari, ameshika kamba kwa nguvu, pumzi imembana. Atoa matone, na moyoni asema, sasa yatafanya kazi. Mabega yake yashuka. Hatua zake zapungua haraka. Angoja dakika kumi ambazo asingengoja pasipo chupa. Farasi ameona yote. Yeye ndiye aliyelishwa matone, lakini aliyetibiwa ni bwana wake.

Wema wa msichana yule wa darasani utarudi kuniuliza: hata hivyo si jambo jema? Bwana ametulia, farasi ametulia, ubaya uko wapi? Na ingekuwa mambo yaishia langoni mwa gari, ningekubali. Mtu akipenda kuinunua subira yake kwa chupa, ni juu yake na mfuko wake, ijapokuwa kuhesabu hadi ishirini hakuuzwi. Tatizo ni kwamba chupa haiishii langoni. Hurudi bandani, na huko bandani farasi ana maneno.

Farasi hana ulimi wa kusema. Maneno yake ni masikio kulazwa nyuma, mkia kupigwa, meno kutolewa, mgongo kukazwa, ukwato kupigishwa mlangoni usiku kucha. Tazama basi maneno hayo yanavyofasiriwa na wauza matone. Farasi aumaye ana chuki, apewe ua la chuki. Farasi asiyetaka kuguswa ana majivuno, apewe ua la majivuno. Asiyetulia hana subira. Anayewafukuza wenzake chakulani ni jabari. Hizi ni aibu za binadamu! Bach aliziorodhesha kwa ajili ya binadamu, na binadamu twazistahili. Farasi amebandikwa dhambi zetu, kisha anatibiwa kwazo, na sababu iliyomfanya aume haijaulizwa.

Sababu zenyewe si za ajabu. Tumbo la farasi limeumbwa kwa mtu asiyeacha kula. Nisamehewe kwa kumwita mtu. Akiwa huru malishoni hutafuna kidogo kidogo, hata kufikia saa 16 kwa siku, na tumbo lake hutoa asidi mchana na usiku bila kungoja chakula. Atafunapo, mate mengi hushuka na kuipoza asidi ile. Mfungie bandani, mpe nafaka asubuhi na jioni, mpunguzie majani, kisha mkimbize tumbo likiwa tupu: asidi huruka hadi sehemu ya juu ya tumbo isiyo na utando wa kuikinga, ikaichoma. Katika farasi wa mbio walio mazoezini, zaidi ya nusu hukutwa na vidonda vya tumbo. Farasi wa namna hiyo akifungwa mkanda wa tandiko tumboni aweza kugeuka na kuuma. Ni ua gani litakaloondoa asidi?

Ama meno yake. Meno ya farasi huzidi kuchomoza na kusagika karibu maisha yake yote, na kingo zake huweza kuwa kali kama msumeno, zikakata shavu na ulimi. Mtie lijamu kinywani, uvute, halafu ustaajabu kwamba atikisa kichwa. Ama tandiko lisilomkaa sawa, ama kwato, ama uti wa mgongo. Daktari wa wanyama Sue Dyson wa Uingereza alitoa mwaka 2018 orodha ya vitendo 24 vya farasi aliyepandwa, kama vile kulaza masikio, kufungua kinywa mara kwa mara, kupiga mkia na kukataa kwenda mbele. Vikionekana vinane au zaidi, yaelekea sana kwamba farasi ana maumivu. Visome vitendo hivyo 24 pembeni mwa karatasi ya matone ya maua. Utadhani mtu mmoja ameandika maradhi, na mwingine akayanakili na kuyaita tabia.

Tena uko upweke. Hapa nawageukia wale waliocheka, maana na wao wana kosa, nalo ni kubwa kuliko la waliowacheka. Farasi ana moyo. Ni mnyama wa kundi. Aliye peke yake porini ni aliye tayari kuliwa. Farasi wafungiwao peke yao huwa na tabia ya kusimama mlangoni wakiyumba, uzito mguu huu, uzito mguu huu, kichwa huku, kichwa huku, saa kwa saa. Mwaka 2002 wataalamu wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuweka kioo kikubwa cha kujitazamia katika mabanda ya farasi wayumbao. Farasi walipoona sura ya farasi, kuyumba kulipungua sana. Mwenye kucheka na afikirie jambo hilo kwa kitambo. Kiumbe ameachwa peke yake hata akafarijiwa na kivuli chake ukutani! Na mwenye matone naye afikirie: kilichopunguza kuyumba ni sura ya mwenzake, wala si tone.

Hata mikono ya mtu yaweza kufanya ambayo chupa haiwezi. Mwaka 1993 Claudia Feh na mwenzake walichapisha uchunguzi juu ya farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa. Farasi hukunana kwa meno, na mahali wapendapo zaidi ni pale shingo ikutanapo na mabega. Wachunguzi walipowakuna mahali hapo, mapigo ya moyo yalipungua. Walipowakuna mahali pengine, hayakupungua. Hiyo ni tiba ya moyo wa farasi, iliyopimwa, na bei yake ni kucha.

Waingereza, kati ya mataifa yote, wasingehitaji kuambiwa haya na mwalimu wa Kenya. Mwaka 1877 mwanamke wao, Anna Sewell, alichapisha kitabu cha *Black Beauty*, ambacho wengi wetu tumekisoma shuleni. Sewell aliumia miguu tangu utotoni, akawa hawezi kwenda mbali pasipo gari la farasi. Aliijua vizuri migongo iliyombeba. Katika kitabu chake yumo farasi jike aitwaye Ginger, mkali, mwumaji. Sewell hakusema Ginger ana chuki moyoni. Alieleza jinsi alivyofunzwa kwa ukatili, na jinsi alivyofungwa hatamu ya kukaza kichwa juu, iliyowapendeza matajiri kwa kuwafanya farasi wao waonekane wenye fahari huku shingo zikiwauma. Watu walisoma, wakaona haya, na hatamu ile ikachukiwa hata ikaachwa. Na tuseme wakati ule ingekuwako chupa. Bibi tajiri angemdondoshea Ginger matone kwa upendo mwingi, akapanda gari lake akiwa na dhamiri safi, na hatamu ingebaki ilipo.

Hilo ndilo nilitalo ubaya. Dawa iliyo tupu yaweza kukalia kiti cha dawa ya kweli, na mradi imekikalia, mwenye kiti hawezi kuketi. Kila juma ambalo farasi hupewa matone "tuone kwanza" ni juma ambalo daktari hakuitwa. Tena maumivu mengi yana desturi ya kupanda na kushuka yenyewe. Yakishuka, chupa husifiwa, na yakipanda, huchaguliwa ua jingine. Yako 38. Mtu aweza kuyapitia yote mpaka farasi azeeke.

Wala nisijifanye sijui kwa nini watu wazima wenye elimu huichagua chupa. Chupa ni rahisi. Malisho ni ghali. Farasi wa pili wa kumpa mwenzake faraja ni ghali, naye atakula kila siku. Daktari ni ghali, tandiko la kipimo ni ghali, na lililo ghali kuliko yote ni kuambiwa: usimpande farasi huyu kwa miezi sita, na yawezekana usimpande tena. Mtu aliyemnunua farasi kwa ndoto zake zote hapendi kuisikia hukumu hiyo. Chupa haimwambii ashuke mgongoni.

Nayasema haya bila kujitenga nayo, maana hata mimi nimelishika chupa langu. Nililiahidi punda, na huyu ndiye.

Babu yangu alikuwa Lamu, na riziki yake ilikuwa punda mmoja. Alipakia mchanga, mawe na saruji, kwa kuwa vichochoro vya mji ule havipitiki kwa gari. Nilipokuwa na miaka tisa, punda yule, aliyekuwa mpole hata watoto tukamlalia shingoni, aligeuka. Akiona shogi laletwa, hulaza masikio na kuuma. Alimwuma babu mkononi. Jirani yetu, mtu mwema asiyetaka malipo, alisema mnyama amepigwa jicho, akaleta hirizi ya ngozi, tukaifunga shingoni kwa uzi mwekundu. Mimi ndiye niliyeifunga, nami niliona fahari. Na kweli punda alitulia! Wiki nzima hakuuma. Niliwaambia watoto wenzangu mtaani kwamba nimemponya.

Wiki ile ilikuwa ya mvua kubwa, na kazi hapakuwa. Sikuliwaza jambo hilo. Jua lilipotoka shogi lilirudi, na meno yakarudi. Tulikaza uzi. Ilipita miezi miwili hivi, mpaka tabibu wa wanyama akapita pwani siku tunapakia mawe. Hakuuliza habari za jicho. Alimkuna punda penye mabega kwa muda mrefu, akaliondoa shogi, akainua nywele zilizogandamana mgongoni. Chini yake kilikuwako kidonda cha upana wa kiganja changu, na ndani ya kidonda kijiti kilichochomoka katika shogi. Harufu yake naikumbuka hata leo. Nilikuwa nimefunga hirizi shubiri mbili tu kutoka pale.

Tabibu alikisafisha, akasema punda asibebe kitu siku 40. Babu hakujibu. Nilimwona akihesabu kwa vidole, si siku, bali gharama za siku hizo. Kisha alikata uzi mwekundu kwa kisu chake, akaitia hirizi mfukoni ili jirani asiione imetupwa, akamwongoza punda nyumbani bila mzigo, mchana, mbele ya watu. Siku hizo 40 tulikunywa chai kavu, na mjomba alikopa. Babu alifumua shogi lote, akalishona upya usiku kwa taa, akalitia usumba na magunia makuukuu, na mahali pa kidonda akaliacha na pengo.

Asubuhi ya siku ya 41 alilileta. Punda aligeuza kichwa, akalinusa, akalaza sikio moja. Babu aliliweka chini, akakaa juu ya jiwe, akangoja mpaka jua lilipofika ukutani. Kisha akajaribu tena.